Piramidi Juu ya Kanga: Siku Moja ya Mwalimu wa Hisabati

Saa 12:00 asubuhi. Kabla ya chai nahakikisha simu imejaa chaji. Nafundisha Kidato cha Nne katika shule ya kutwa mkoani Tanga, na kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, darasa zima litaitegemea hii yangu. Ndani yake mna GeoGebra, programu ya bure iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter wa Austria, inayoweza kuonyesha umbo la vipimo vitatu kwa uhalisia ulioboreshwa, yaani kulikalisha umbo ambalo halipo juu ya sakafu iliyopo, ukalitazama kupitia kamera huku ukilizunguka.

Saa 2:00. Logarithimu na Kidato cha Pili. Hakuna la kusimulia.

Saa 3:20. Vipindi viwili mfululizo vya Kidato cha Nne. Nachora ubaoni piramidi VABCD yenye kitako cha mstatili wa sentimita 8 kwa 6, na kingo nne za mteremko zenye sentimita 13 kila moja, kisha nauliza pembe iliyopo kati ya ukingo VA na kitako. Wengi wanachukua pembe VAB na kupata nyuzi 72.1. Jibu sahihi ni nyuzi 67.4, na ukaribu huo ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu kosa lenyewe halionekani kama kosa. Kijana mmoja amepima kwa kipimapembe kwenye daftari lake, akashikilia kwamba kimo VO, kinachoshuka hadi O katikati ya kitako, hakifanyi pembe mraba na mstari AO. Hakukosea kupima, mchoro ndio uliomdanganya, maana mstatili ukichorwa kwa kulazwa hugeuka msambamba, na pembe zake zote hupotoka.

Saa 3:50. Natoa simu, na sakafu inanigomea. Programu hutambua sakafu kwa kufuatilia alama ndogondogo zinazotofautiana, ikizioanisha na vihisi vya mwendo vya simu, na saruji iliyosuguliwa ikang'aa haina alama yoyote ya kushika. Dawa yake ninayo mkobani tangu muhula uliopita: kanga ya mke wangu. Naitandika, na baada ya sekunde chache piramidi inatua katikati ya mji wa kanga, yaani sehemu yake ya ndani ya pindo, maua yakionekana kupitia kuta zake.

Wanakuja sita sita. Binti mmoja anachuchumaa hadi simu inakaribia kugusa kanga, anasema, "Kumbe imesimama wima, mwalimu!" Kisha anainuka, ananyoosha mikono hadi kamera iko juu kabisa ya kipeo, na hapo V inaangukia O, na ukingo VA unaufunika mstari AO wote. Haufuniki AB. Kundi zima linanyamaza. Sikuwa na la kuongeza zaidi ya hesabu: ulalo wa kitako ni 10, nusu yake 5, kimo 12, kosaini ya pembe ni 5 kwa 13.

Kundi la mwisho limepata dakika mbili tu, simu ikiwa imepata moto. Hilo limeniuma.

Saa 8:00 mchana. Nasahihisha. Mwaka jana nilianza kwa kuwaonyesha umbo, wote wakaitikia kwamba wameelewa, lakini nilipowaambia wachore wakashindwa. Chumba cha mtihani hakina simu, kwa hiyo sasa wanachora kwanza, wanatazama, kisha wanachora upya. Michoro ya pili ya leo mingi ina AO iliyokolezwa kwa kalamu ya risasi. Kundi la mwisho ndilo bado lina VAB, na kesho litaanza.

Saa 2:00 usiku. Naongeza nukta M katikati ya AB kwenye umbo la simuni kwa somo la pembe kati ya uso VAB na kitako, ambayo tanjenti yake ni 12 kwa 3. Kanga imerudi na vumbi la chaki na alama ya kiatu kimoja, na mwenyewe ameniambia nikanunue ya kwangu.