Yule kaka wa sabuni

Leo nakatiza soko la Kilombero, mama muuza ndizi ananiita: "We kaka, si wewe yule wa sabuni?" Nikacheka. Miaka saba naigiza hapa Arusha, nimekufa vizuri kwenye filamu mbili, ila watu wananikumbuka nikinusa shati.

Kuna wiki zilikuja simu mbili. Moja ya muongozaji mwenye skripti tamu: mzee wa Kichagga anagombana na wanawe juu ya kihamba, lile shamba la ukoo. Malipo ni nauli, chakula, na "mzigo ukiuzwa tutakumbukana". Ya pili ni tangazo la sabuni, siku moja tu, nusu ya hela mkononi kabla sijavaa hilo shati. Mwenye nyumba wangu kule Sakina alishaacha kuitikia salamu. Ningefanyaje?

Hata Michael Caine, yule mwigizaji Mwingereza, hakwenda kuchukua Oscar yake mwaka 1987 kwa sababu alikuwa anashuti filamu ya samaki papa muuaji. Baadaye akasema hiyo filamu hajawahi kuiona, ila nyumba iliyojengwa kwa pesa yake ameiona, na ni nzuri. Mimi sijajenga, nimelipa chumba miezi mitatu.

Yule mzee akachezwa na rafiki yangu. Juzi nimekiona kipande kwenye simu: anaokota jembe, analitazama, analirudisha chini bila neno. Mimi pale ningeongea, ningeharibu. Nikampigia kumpongeza. Akaniuliza kama wale wa sabuni bado wanatafuta watu.