Ng'ombe wa nani? (1 Samweli 12:1-5)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote akauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimemdhulumu nani? Nimepokea rushwa kwa mkono wa nani? Mwenye dai aliitwa alitoe hadharani, naye Samweli akaahidi kurudisha. Wiki hii tulisome andiko hili tukimfikiria wakili anayefunga ofisi yake hapa Moshi akaanze kazi ya mwanasheria wa halmashauri. Tunampongeza, tunamwombea, tunapiga picha. Kabati la mafaili analoliacha hatuliulizii.

Ng'ombe wamo humo kabatini. Mna hati halisi za viwanja zilizoletwa kukaguliwa zikasahauliwa, mna barua za usimamizi wa mirathi, mna mauziano ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo. Na kila faili lililo hai lina siku zake. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30 tangu uamuzi. Mzee wa Kibosho aliyeambiwa "nitakupigia" hajui kwamba siku zinahesabiwa. Zikimpita, itambidi aombe kuongezewa muda na atoe sababu ya kila siku aliyochelewa, na uzembe wa wakili kwa kawaida haukubaliki kuwa sababu.

Makabidhiano ya haki, basi, huanza kabla ya kuripoti kazini. Huandikwa orodha ya mafaili yote yaliyo hai, kila moja na hatua lilipofikia na tarehe ya kutajwa. Kila mteja huandikiwa barua, naye achague mwenyewe wakili wa kumfuata. Wateja si mali ya kumrithisha rafiki. Mahakama hujulishwa. Hati hurudishwa kwa kusainiwa. Pesa zilizo kwenye akaunti ya wateja hutoka zote, pamoja na ada ya kazi ambayo haijafanyika. Hapa ndipo wengi hukwama: mteja alilipa yote mwanzoni, pesa ikaishia kwenye pango la ofisi. Deni hilo linabaki pale pale, hata kama mteja hana habari nalo.

Akishaingia halmashauri, mtihani mwingine huja kwa bahasha ya notisi. Anayetaka kuishtaki halmashauri sharti atoe kwanza notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe, shauri likafunguliwe Mahakama Kuu. Mama wa Mbuyuni aliyevunjiwa kibanda anaileta notisi yake. Inapokelewa masijala, inapelekwa idarani, inalala huko mpaka siku zinaisha, na jambo ambalo lingemalizwa mezani linageuka kesi ya gharama. Mwanasheria mwenye kumcha Mungu huidai taarifa ya idara kwa maandishi wiki ile ile, huenda kuona eneo, kisha humwandikia mkurugenzi ukweli: tuna utetezi, au hatuna. Kuandika "hatuna" kunahitaji moyo, hasa aliyeamuru kuvunja anapokuwa ndiye bosi.

Itatokea pia mlalamikaji awe mteja wake wa zamani. Mwanasheria aseme hivyo kwa maandishi, ajitoe, faili lishikwe na mwingine. Siri alizoambiwa akiwa wakili binafsi hazihamii halmashauri. Na atakapostaafu na kurudi uwakili, za halmashauri nazo zisimfuate ofisini kwake.

Tuwaombee walio katikati ya makabidhiano. Tumwombee na karani wa ofisi iliyofungwa, maana yeye ndiye hubaki na funguo na lawama. Na wewe ambaye hati yako ingali kwa wakili, nenda wiki hii ukaichukue. Ulizia tarehe ya kesi yako, na ukitoka hakikisha una nakala ya hukumu.