Simba na panya bila maneno: namna ya kukisoma na mtoto

The Lion & the Mouse ni kitabu cha picha cha mchoraji Jerry Pinkney wa Marekani; kilitoka mwaka 2009, na mwaka uliofuata kikapata Nishani ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya michoro bora ya vitabu vya watoto. Kisa ni cha Esopo, msimulizi wa hekaya wa Ugiriki ya kale: simba anamwachia panya, naye panya baadaye anamwokoa simba wavuni. Ila michoro ya rangi za maji inatuleta Serengeti. Masimulizi hamna, ni milio tu: bundi, panya, simba, gari la majangili.

Anzia kwenye jalada. Mbele pana uso wa simba peke yake, bila jina la kitabu, naye katupa jicho pembeni. Mtoto akijiuliza anatazama nini, geuza nyuma: panya huyo.

Mara ya kwanza nyamaza kabisa, mtoto afunue kurasa kwa kasi yake. Mara ya pili simulieni kwa zamu. Kinachoharibu ni kuuliza "Hii nini?" kila ukurasa. Mtoto huishia kutaja majina ya wanyama, kisa kikapotea. Uliza "Kumetokea nini?"

Ugumu uko kwenye wavu unaomnasa simba. Aliyepita haraka kurasa za majangili wakitega hataelewa simba amenaswaje. Usimweleze, rudini kurasa mbili tatu, autafute mwenyewe.