Kupatana bei ya nyumba mpya Uingereza kwa wanaonunua mara ya kwanza

Kwenye tangazo la nyumba mpya Uingereza hutakuta maneno "bei maelewano". Bei imechapwa kwenye karatasi inayong'aa, muuzaji kavaa suti, na mtu aliyezoea kupatana bei ya kila kitu anajikuta kimya, anatafuta kalamu atie saini. Bei hiyo hushuka. Kinachowakwamisha wengi ni kutojua kampuni ya ujenzi inalinda nini na iko tayari kuachia nini.

Inacholinda ni tarakimu yenyewe. Nyumba ikiuzwa England au Wales, bei yake husajiliwa HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, na yeyote anaweza kuisoma bure mtandaoni. Wathamini wa benki huitazama wanapopima nyumba zinazofuata mtaa huohuo, na mnunuzi anayekuja kesho huitaja mbele ya muuzaji. Ukiuziwa kwa pauni 325,000 nyumba iliyotangazwa 340,000, kampuni haijapoteza 15,000 tu. Imejiwekea mfano mbaya kwa nyumba zote zilizobaki. Ndiyo maana muuzaji atakupa kapeti, friji, mashine ya kufulia, nyasi za bustani, hata kukulipia ushuru wa stempu (kodi ya serikali anayotozwa mnunuzi wa nyumba), kabla hajagusa bei.

Kwako wewe hesabu ni kinyume. Pauni 15,000 za ziada kwenye mkopo wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 5 ni takriban pauni 80 kila mwezi, na hadi mwisho utakuwa umelipa karibu 29,000. Kapeti na friji vitakuwa vimetupwa zamani. Kwa hiyo anza na bei, na zawadi ziwe akiba yako ya mwisho pale bei inapogoma kabisa.

Lakini kabla ya kupatana lolote, hakikisha kama HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, wanakutambua kuwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Tangu 1 Aprili 2025, mnunuzi wa mara ya kwanza England halipi ushuru wa stempu kwa pauni 300,000 za mwanzo, halafu analipa asilimia 5 ya kinachozidi hapo hadi 500,000. Nyumba ikizidi 500,000, nafuu yote inafutika. (Scotland na Wales wana kodi zao, hesabu ni nyingine.) Kwa nyumba ya 340,000 unalipa 2,000 tu. Sharti ni kwamba kila anayenunua awe hajawahi kumiliki nyumba ya kuishi popote duniani, hata sehemu ya nyumba aliyorithi. Fleti ya Nairobi inahesabiwa. Nyumba ya marehemu baba kule Moshi mliyorithi ndugu watatu inahesabiwa. Kiwanja kitupu si nyumba, ila ukishajenga mambo hubadilika.

Bila nafuu hiyo, nyumba ileile ya 340,000 inadai ushuru wa 7,000. Na kama nyumba ya nyumbani bado ni yako na sehemu yako ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, kwa kawaida unaingia kwenye ushuru wa ziada wa asilimia 5, na jumla inapanda hadi 24,000. Mume na mke huhesabiwa kitu kimoja kwenye ushuru huu wa ziada, hata kama jina la mmoja halimo kwenye hati. Mwambie wakili ukweli wote siku ya kwanza. Anayejaza fomu kwa kubahatisha anaweza kudaiwa baadaye pamoja na faini na riba, na hakuna punguzo la kampuni litakaloziba pengo hilo.

Ukishajua ushuru wako, utaona pia jinsi baadhi ya zawadi zilivyo nyepesi. Bango la "tunakulipia ushuru wa stempu" kwenye nyumba ya 310,000 lina thamani ya pauni 500 kwa mnunuzi wa mara ya kwanza. Chaja ya gari la umeme nayo hupambwa kama takrima, ilhali kanuni za ujenzi za England zilizoanza 15 Juni 2022 zinalazimisha chaja kwenye nyumba mpya zenye maegesho. Usikubali kuuziwa kama zawadi kitu ambacho sheria imekwisha kukupa.

Sasa chagua nyumba ambayo kampuni inataka iondoke. Iliyo rahisi kupatana ni ile iliyokwisha kujengwa na imekaa tupu. Zunguka mtaani kwa miguu, usiishie ofisi ya mauzo. Utaona nyasi zimeota bila kukatwa, vibandiko vya kiwandani bado viko kwenye vioo, na vumbi limetanda dirishani ilhali majirani wa pande zote mbili wameshahamia. Halafu thibitisha. Nyumba mpya ikikamilika hutolewa cheti cha matumizi ya nishati, na vyeti hivyo viko kwenye daftari la wazi la serikali mtandaoni, unatafuta kwa msimbo wa posta. Tarehe ya cheti itakuonyesha nyumba imesimama miezi mingapi bila mtu. Muuzaji anayekwambia "zimebaki mbili tu, zinagombewa" huku cheti kina miezi minane anakuwa amekurahisishia kazi.

Tarehe za kampuni nazo zina uzito. Barratt Redrow hufunga mwaka wa fedha mwishoni mwa Juni, Bellway mwishoni mwa Julai, Persimmon na Taylor Wimpey mwishoni mwa Desemba, na nusu mwaka nayo huangaliwa na wawekezaji. Mauzo huingia kwenye vitabu siku unapokabidhiwa funguo. Saini ya mwanzo haihesabiwi. Kwa hiyo kwa kampuni inayofunga Juni, nenda Aprili au mwanzoni mwa Mei ukiwa na uwezo wa kukamilisha kabla ya tarehe 30. Ukienda tarehe 20 Juni umechelewa, kwa sababu mawakili hawatamaliza na muuzaji anajua.

Silaha yako nyingine ni kwamba huna nyumba ya kuuza kwanza. Wanunuzi wengine wamefungwa kwenye mnyororo wa watu watano, mmoja akikwama wote wanakwama. Wewe uko huru, lakini uhuru huo una thamani mezani ukiwa na karatasi: barua ya ridhaa ya awali ya benki, jina la wakili ambaye tayari umemchagua, na taarifa za akaunti zinazoonyesha malipo ya awali yapo. Ofa yenyewe iwe fupi na kwa barua pepe: "Tuko tayari kushikilia nyumba namba 42 wiki hii kwa pauni 320,000. Ridhaa ya benki imeambatishwa, hatuna nyumba ya kuuza, na tunaweza kukamilisha kabla ya tarehe 20 Juni." Kisha nyamaza. Muuzaji wa ofisini mara nyingi hana ruhusa ya kushusha bei. Anapeleka kwa meneja wa mauzo wa eneo, na jibu huchukua siku moja au mbili. Ukipiga simu kila baada ya saa tatu unajishusha mwenyewe.

Linganisha bei kwa mita ya mraba, kamwe si kwa idadi ya vyumba. "Vyumba vitatu" vya nyumba mpya mara nyingi ni vidogo kuliko vya nyumba ya zamani iliyo mtaa wa pili. Eneo la nyumba liko kwenye cheti kilekile cha nishati, na bei zilizolipwa ziko Land Registry. Gawanya. Ila kumbuka kwamba bei zilizosajiliwa hazionyeshi zawadi waliyopewa wanunuzi, hivyo bei halisi waliyolipa majirani huenda ni ndogo kuliko unayoisoma.

Wakikataa kushusha bei kabisa, ndipo uombe vitu, na kila kimoja ukipime kwa bei ya fundi wa nje. Bei ya kapeti kwenye orodha ya kampuni isiwe kipimo chako. Vinavyofaa zaidi ni vile ambavyo ni ghali kuviongeza baadaye: soketi za ziada, bomba la nje, uzio imara, nyasi na njia ya bustani. Hivi huombwa kabla mafundi hawajafika hatua hiyo. Ukuta ukishapigwa plasta, soketi moja inakuwa kazi ya kubomoa. Kama mtaa una kampuni ya usimamizi inayotoza ada kila mwaka kwa ajili ya bustani na barabara ambazo halmashauri haijazichukua, omba walipe ada ya miaka miwili ya kwanza. Wakili asome kifungu cha ada hiyo kwa makini, maana ikiandikwa kwa muundo fulani, Sheria ya Mali ya 1925 inampa mdai nguvu kubwa juu ya nyumba yako kwa deni la siku 40 tu.

Chochote utakachopewa kitaandikwa kwenye fomu ya UK Finance, umoja wa benki na wakopeshaji, inayopelekwa kwa benki na mthamini. Benki nyingi huvumilia vivutio vya fedha hadi asilimia 5 ya bei; vikizidi, huhesabu kwamba bei halisi ya nyumba ni ndogo, na mkopo unapungua. Muuzaji akikudokeza kwamba jambo fulani "libaki kati yetu", ondoka.

Mthamini mwenyewe anaweza kukusaidia au kukutia jasho. Tuseme bei ni 340,000, una 34,000, benki inakupa asilimia 90. Mthamini akisema nyumba ni ya 325,000, benki itatoa 292,500, na wewe unatakiwa kuwa na 47,500. Pengo ni 13,500. Likitokea kabla ya kubadilishana mikataba (hatua inayozifunga pande zote mbili kisheria), pata nakala ya uthamini na uirudishe kwa kampuni: wanajua benki nyingine inaweza kufika palepale. Mara nyingi huu ndio wakati bei iliyokuwa "haiguswi" inapoguswa. Baada ya kubadilishana mikataba hakuna tena la kupatana, na ukijitoa unapoteza arbuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10.

Kampuni hutaka mikataba ibadilishwe ndani ya siku 28 tangu uishikilie nyumba, na kinachochelewesha watu wetu ni chanzo cha fedha. Wakili atataka kujua kila kiasi kikubwa kimetoka wapi. Pesa za chama, mchango wa shangazi, mauzo ya shamba, vyote vinahitaji ushahidi: taarifa za benki za anayetoa, kitambulisho chake, na barua inayosema ni zawadi na si mkopo. Zikusanye kabla ya kuingia ofisi ya mauzo. Kama muda bado ni mfupi, omba siku 42 tangu mwanzo, ziandikwe.

Kila kilichokubaliwa kiingie kwenye makubaliano ya kushikilia nyumba kabla ya kulipa ada yake, ambayo mara nyingi ni kati ya pauni 500 na 1,000. Kampuni iliyojiunga na New Homes Quality Code, kanuni za kuwalinda wanunuzi wa nyumba mpya, lazima ikupe angalau siku 14 za kubadili mawazo na kurudishiwa ada yote, haiwezi kukulazimisha utumie wakili inayempendekeza, na lazima iruhusu mkaguzi wako aingie kabla ya kukabidhiwa. Tumia siku hizo 14 kumtuma wakili asome rasimu ya ada ya mtaa, kuuliza benki kama inakubali aina yako ya viza kwa kiwango hicho cha malipo ya awali, na kurudi mtaani jioni, saa ambazo magari yote yamesharudi, uone kama nafasi yako ya maegesho ni ile iliyochorwa kwenye ramani.