Nyumba Niliyoipata Phoenix kwa Kufuata Kivuli

Kila niliyemwambia kwamba natafuta nyumba Phoenix, mji wa jimbo la Arizona huko Marekani, alikuwa na ushauri, na karibu wote ulikuwa ushauri wa mwenye gari. Mimi gari sikuwa nalo. Nilikuwa na kazi ya jikoni kwenye hoteli moja ya katikati ya mji, na shemeji aliyekwisha kuchoka kunilaza sebuleni.

Shemeji ndiye aliyeanza. "Tafuta huku kwetu Ahwatukee, kumetulia." Kumetulia kweli, kwa sababu mlima wa South Mountain umekutenga na mji mzima. Mpaka barabara kuu ya Loop 202 ilipofunguliwa upande wa magharibi mwishoni mwa 2019, aliyeingia huko kutoka mashariki alitokea kulekule. Treni haifiki. Mwenzangu wa kazini akaja na Paradise Valley. Kumbe ziko mbili, tena zimepakana! Moja ni kati ya sehemu 15 za Phoenix ambazo halmashauri inaziita vijiji, ina apatimenti za kupanga kama kwingine. Ya pili ni mji wa matajiri unaojitawala. Nilipotafuta kwenye simu nikaletewa huo wa pili, nyumba za mamilioni ya dola na mabwawa ya kuogelea. Shemeji alicheka mpaka chai ikapoa.

Lakini aliyenikomesha ni dalali. "Njoo Saba na McDowell," akakata simu. Sasa Phoenix imepimwa kwa rula: Central Avenue inaugawa mji kati, barabara zenye namba upande wa mashariki ni Street, za magharibi ni Avenue, na namba zinaanza moja pande zote mbili. Kwa hiyo Saba ziko mbili, na zote zinakatiza barabara ya McDowell. Mimi nikashuka basi Street. Nyumba ilikuwa Avenue, maili nzima kwa miguu, saa tisa alasiri, Julai 2023, mwezi ambao mji huu ulikuwa katikati ya siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi.

Mimi mzaliwa wa Tanga, joto ningemfundisha mtu. La Phoenix ni jingine. Hutoki jasho, au tuseme linakauka kabla hujaliona, na lami inakurudishia moto kutoka chini. Nilipovuka Central nikaona mkono wa kulia mitaa yenye miti, nikaiacha McDowell na kujitosa ndani. Hapo ni mtaa wa Willo, nyumba nyingi ni za miaka ya 1920 hadi 1940, miti mikubwa, majani yanamwagiliwa. Wallahi nilihisi kama mtu amefungua friji. Nyumba ya dalali nilipoifikia haikuwa na hata kichaka, nikageuza bila kugonga mlango. Willo siiwezi kwa bei, lakini kipimo changu nilikipata palepale.

Tangu siku hiyo kila tangazo nililiendea saa kumi jioni, na chupa ya maji. Nasimama kituoni: kuna kivuli au hakuna? Kisha natembea hadi mlangoni. Nikifika nimenuna, nyumba imefutwa. Zile zilizobaki nilizirudia baada ya jua kuzama nikagusa ukuta wa magharibi wa chumba cha kulala. Ukiwa bado wa moto saa tatu usiku, humo hulali. Meneja mmoja alidhani nasali.

Mtaa wa Maryvale nilitishwa nao sana. Nilikwenda. Ni nyumba za chini ambazo John F. Long alianza kuwajengea watu wa kipato cha kawaida miaka ya 1950, leo wakazi wengi ni Walatino, na taco za Kimeksiko nilizokula huko sijaonja tena. Iliniponyoka kwa sababu ya miti michache na umbali wa treni, basi.

Nilipopata ni karibu na 19th Avenue, kaskazini mwa barabara ya Camelback, ambako treni inapita. Jengo kuukuu, rangi imebabuka, lakini uani kuna mforsadi unaofunika madirisha yote ya magharibi. Jirani wa chini, mama Mkongomani, alinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu akanivuta pembeni: "Uliza kama kile kipoozeo ni cha maji." Vya maji vinafanya kazi Juni hewa ikiwa kavu, mvua za Julai na Agosti zikileta unyevu vinakupulizia mvuke tu. Chetu kilikuwa kiyoyozi cha kweli. Nikalipa kodi na amana, kama elfu mbili na kitu.

Bili ya umeme ya Agosti haikufika dola mia. Shemeji ya kwake ananificha.