Mashine ya polishi iliyonifaa, baada ya mbili zilizonitia aibu

Gari langu ni la bluu iliyokoza, karibu na nyeusi, na aliyewahi kuwa na gari la rangi hiyo hapa Unguja anaijua adhabu yake. Asubuhi likiwa kivulini linapendeza. Saa nne jua likishalipiga, boneti lote linatoka utando wa buibui, mikwaruzo midogo ya duara isiyo idadi. Hiyo ni kazi ya vijana waosha magari na matambara yao: tambara linaanguka mchangani, linaokotwa, linarudi juu ya rangi. Ongeza na kunguru. Nyumbani Fuoni tuna mwembe, na kunguru wa mwembe ule nadhani wananijua kwa jina. Ongeza tena maji ya kisima, ambayo yamepita kwenye jiwe la matumbawe, yakikauka yanaacha miduara myeupe ambayo sabuni haiigusi.

Nikaamua nitaling'arisha mwenyewe. Hapo ndipo kila mtu akawa fundi. Shemeji yangu akaniambia nitafute mashine yenye wati nyingi, "ndogo hizo za kuchezea watoto." Mwenzangu skuli akasema grenda yoyote inatosha, nifunge sponji tu. Fundi rangi mmoja, mtu mwema, akanionea huruma akaniazima yake: ile kubwa ya kuzunguka moja kwa moja, yenye pedi ya sufi nyeupe kama kondoo. "Mwalimu, hii dakika kumi tu umemaliza."

Hakunidanganya kuhusu dakika. Nilipaka kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, kwenye boneti, nikaiwasha na namba ya juu, maana nilitaka kumaliza kabla ya adhuhuri. Kwanza ilinivuta. Mashine ile ukiiinamisha kidogo tu inakimbilia upande wake, nami nikaifuata mbio kama mtu aliyeshika kamba ya ng'ombe. Nikaizoea. Katikati ya boneti pakaanza kumeta, nikajiona bingwa, mpaka nikamwita mwanangu aje aone. Akaja. Wakati ule mie nimeshafika kwenye lile tuta la ukingoni, karibu na taa, na nikaona pale pana mkwaruzo mmoja mkaidi, basi nikaukandamizia mashine. Harufu ndiyo iliyotangulia, kama ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko. Mtoto akauliza, "Mama, mbona sufi imekuwa ya bluu?"

Sufi ilikuwa ya bluu kwa sababu kliya ilikuwa imekwisha. Ile rangi ya juu isiyoonekana, inayolinda rangi yenyewe, kwa kawaida ni kama mikroni 40 hadi 50, unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hiyo. Na ukingoni huwa nyembamba zaidi. Mashine ya kuzunguka moja kwa moja inasugua njia ileile bila kuhama, joto linajaa mahali pamoja, na kwenye kona hakuna pa kukimbilia. Ufundi unataka mkono wa miaka. Mie nilikuwa na mkono wa dakika nane. Pakabaki doa lililofifia, kiasi cha kidole gumba. Na kule katikati nilikojisifia, jua la alasiri likaonyesha mawimbi, michirizi ya mviringo inayohama ukihama nayo. Nilikuwa nimeuondoa utando wa buibui nikaweka wa nyoka.

Ya pili niliipata kwenye duka la vitu vilivyotumika vya Japani, elfu arubaini na kitu. Safi, nyepesi, pedi inatikisika vizuri mkononi. Muuzaji akaniapia nzima, na kweli ilikuwa nzima. Nilipoichomeka ililia kama king'ora, ikatoa moshi, ikanyamaza milele. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu 230. Kibandiko kilikuwa pale ubavuni, namba zimeandikwa kwa tarakimu tunazosoma sote, na mie nasomesha hesabu. Basi yaishie hapo hayo. Za Marekani nazo ni volti 120, kwa hiyo ukiletewa zawadi kutoka huko, soma ubavu kwanza ndipo utoe shukrani.

Baada ya hasara hiyo ndipo nikakaa chini kusoma. Kumbe nilichokuwa nakitafuta ni mashine ya mizunguko miwili: sahani inayoshika pedi inazunguka, na papo hapo inayumba kwa duara dogo nje ya kati yake. Mtazame mtu anayepembua mchele, ungo unavyokwenda mviringo mikononi mwake bila yeye kuondoka alipokaa. Ndivyo. Kwa kuwa pedi haipiti mahali pamoja mara mbili kwa namna ileile, joto halijai haraka na mawimbi hayaonekani kirahisi. Kuunguza rangi bado inawezekana ukishikilia ubishi, lakini itakulazimu ubishe sana.

Wati nilizoambiwa na shemeji zisikushughulishe mwanzo. Namba ya kwanza kutazama ni upana wa ule mduara wa kuyumba. Wa milimita 8 unatulia mkononi lakini kazi inakwenda polepole. Wa 21 unafagia boneti na paa kwa raha, ila sahani yake huwa kubwa, na kwenye milango yenye mikunjo, kama ya gari langu dogo, utapigana nayo. Nikachukua 15, sahani ya inchi tano. Zipo zenye gia, zinazolazimisha pedi izunguke hata ukiikandamiza. Zinakata vizuri lakini zinatikisa mpaka bega, na mie bega langu nalihitaji ubaoni Jumatatu.

Kaka yangu anaishi Muscat. Nikamtumia namba hizo tatu: 15, inchi tano, volti 220 hadi 240. Uzuri wa kule ni kwamba umeme wao ni kama wetu na plagi zao zina miguu mitatu ya bapa kama zetu, hivyo hakuna transfoma wala kiunganishi cha kulegea. Ilinifikia mkobani mwa mtu, pamoja na pedi sita za sponji. Kwa jumla laki tatu na kidogo, ukiondoa halua niliyotakiwa kupeleka kwa mletaji. Pedi sita si israfu. Pedi moja ikijaa uchafu na joto inaacha kukata, na ukiendelea nayo velkro ya nyuma inalegea, pedi inaruka kama sahani ya mbinguni. Sponji ziwe pana kidogo kuliko sahani yenyewe, ili ukigusa pembeni iguse sponji, si plastiki ngumu.

Siku ya kwanza haikufanya chochote. Nilisukuma kwa nguvu zote, mashine ikaunguruma, rangi ikabaki vilevile. Nikataka kumpigia kaka simu kumlaumu. Kisha nikaona: pedi haizunguki. Inatetemeka tu mahali pake, kwa sababu mashine ya aina hii ukiikandamiza sana, au ukiilaza upande, mzunguko unasimama na kuyumba kunabaki peke yake. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kutofautisha, sahani yote ni nyeusi. Nikaingia ndani nikachukua rangi ya kucha, nyeupe, nikachora mstari mmoja mnene kwenye ukingo wa sahani. Mstari ukipita mbele yako pole pole, tena na tena, pedi inazunguka. Ukiuona umesimama unatetemeka, punguza mkono. Siku nzima nilikuwa natazama mstari ule kuliko nilivyotazama gari. Mume wangu aliuliza nani alinifundisha, nikamjibu duka la vipodozi.

Kabla ya hapo, ile miduara ya maji ya kisima niliitoa kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, kivulini, dakika moja kisha nikasuuza vizuri. Kusugua chokaa kwa mashine ni kutengeneza msasa. Kunguru ni habari nyingine. Uchafu wao ukikaa juani unakula kliya yenyewe, madoa mengine yalitoka, mengine yalibaki kama kivuli.

Nilifanyia kazi chini ya banda la makuti, nikagundua baada ya nusu saa kwamba makuti yanadondosha vumbi juu ya polishi mbichi. Nikafunga shuka kuukuu chini ya paa. Lakini usihamie juani kwa kukimbia vumbi, polishi inakauka unga kabla hujaisambaza. Kipande cha mraba, kama nusu mita kwa nusu mita, mkono uende taratibu kama unapiga pasi nguo ya Idi, ya kwenda na ya kuvuka. Umeme ulikatika mara moja katikati. Nilifuta nikasubiri, siku yenyewe nilikuwa na pilau jikoni. Kingo zote nilizibandikia tepu ya karatasi, safari hii bila kuambiwa.

Anzia mlangoni kwa nyuma, sehemu isiyotazamwa, tena kwa polishi laini. Ukimaliza kipande, kifute kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji ndipo ukione ukweli wake, maana mafuta ya polishi yanaziba mikwaruzo na kukupa sifa usizostahili. Mie kipande cha kwanza kilinipa sifa hizo. Baada ya alkoholi nikarudia mara mbili zaidi.

Ilinichukua Jumapili mbili. Saa nne ya jua sasa naona mwembe mzima kwenye boneti, na kunguru ndani yake.

Fundi alikuja kuchukua mashine yake. Alizunguka gari kimya, akapitisha kiganja mlangoni, akafika kwenye lile doa karibu na taa akacheka. Akasema atalipaka bure, kwa brashi tu, siku akipita na rangi. Nimekubali. Nimemwambia aje na brashi, na mashine aiache kwake.