Bunduki Ambazo Wenyewe Hawaziuzi

Mjomba wangu amekataa tena kuuza bunduki yake, na safari hii aliyemjia hakuwa mlanguzi bali mkusanyaji anayejua anachokitafuta na aliyekuwa tayari kulipa vizuri. Hakukuwa na ubishi wowote. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akairudisha silaha kabatini na kulifunga kwa ufunguo, kisha akaanzisha mazungumzo mengine. Nilikuwapo, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza yule mgeni alikosea wapi, maana kwa hesabu za soko hakukosea hata kidogo.

Bunduki yenyewe si adimu. Ni Winchester Model 94, ile inayokokiwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio, iliyobuniwa na John Moses Browning na kuanza kutengenezwa mwaka 1894, na ambayo kwa miaka yote iliyofuata imetoka kiwandani kwa idadi inayozidi milioni 7. Wakusanyaji huzitenga zile zilizotengenezwa kabla ya 1964, kwa sababu mwaka huo kiwanda kilibadilisha namna ya kuzitengeneza ili kupunguza gharama, na wenye macho makali wakaona tofauti mara moja. Ya mjomba ni ya kabla ya mwaka huo, kwa hiyo ina bei yake. Hata hivyo, mtu anayeitaka bunduki ya aina hiyo ataipata nyingine bila kuhangaika sana, na mjomba naye angeiuza yake leo angeweza kununua nyingine kama hiyo kesho, tena iliyo katika hali nzuri zaidi. Anayesema kwamba watu hung'ang'ania silaha za zamani kwa sababu ya uadimu wake hajawahi kuwauliza wenye nazo.

Kinachoshikiliwa, kwa nilivyoona, ni alama. Ile buluu inayokaribia weusi juu ya chuma cha bunduki si rangi ya kupaka. Ni kutu iliyodhibitiwa, tabaka jembamba la oksidi ya chuma linaloundwa kwa makusudi ili kuizuia kutu nyingine, ile nyekundu inayokula. Tabaka hilo huchakaa taratibu pale linapoguswa mara kwa mara. Kwenye bunduki ya mjomba limefutika mbele kidogo ya wenzo, mahali ambapo uzito hulingana na ambapo mtu anayetembea nayo mwendo mrefu huishika bila kufikiri, na chuma kimebaki cheupe kwa upana wa kiganja. Kiganja hicho ni cha babu. Kitako nacho kimefupishwa kwa msumeno, kwa kuwa babu alitaka kimfae mwanawe aliyekuwa bado mfupi wa mikono, na mwanawe huyo ndiye mjomba. Yule mkusanyaji alipokiona kitako kile alipunguza bei papo hapo, na kwa kanuni za kazi yake alikuwa sahihi: silaha iliyokatwa imepoteza uasilia wake. Mjomba, kwa upande wake, angeweza kusamehe mkwaruzo wowote kwenye mtutu, lakini asingekubali kitako kizima mahali pa kile kilichokatwa. Kasoro moja, hesabu mbili zinazokwenda kinyume, na ndiyo maana nadhani biashara ile haikuwa na njia ya kufaulu hata kama fedha zingeongezwa mara tatu.

Wanauchumi wana maelezo yao. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya washiriki walipewa vikombe vya kawaida kisha wakaulizwa wangeviuza kwa kiasi gani, na ikaonekana kwamba waliokuwa na vikombe walitaka takribani mara mbili ya kile ambacho wasio navyo walikuwa tayari kutoa. Kumiliki tu huongeza thamani machoni pa mwenye mali. Nayaheshimu matokeo hayo, ila siamini kwamba yanatosha hapa. Vikombe vile vilikuwa vimekaa mikononi mwa watu kwa muda mfupi mno, na kila kimoja bado kilikuwa na bei. Mjomba hataji bei kubwa. Hataji bei yoyote. Mtu anayekataa hata kuhesabu yuko mahali pengine kabisa.

Halafu kuna swali la kwa nini iwe bunduki na si saa ya ukutani au cherehani, vitu ambavyo pia hudumu na hurithiwa. Jibu ninaloliona ni kwamba bunduki ni kitu ambacho mtoto alikatazwa kwa miaka mingi, kisha siku moja akakabidhiwa. Aliambiwa asiiguse, akaambiwa kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi hata kama imethibitishwa kuwa tupu, akafundishwa mtutu uelekee wapi na kidole kikae wapi, na baada ya mafunzo hayo yote mtu mzima alimtazama akaamua kwamba sasa anaaminika. Wengi wetu hatukumbuki siku nyingine ambayo baba alituonyesha kwa tendo la wazi namna hiyo kwamba anatuamini. Nimewasikia wanaume wagumu wa maneno, wasioweza kusema sentensi mbili kuhusu baba zao, wakizungumza kwa muda mrefu kuhusu bunduki za baba zao, na kwa yeyote anayesikiliza vizuri mazungumzo ni yale yale.

Za kijeshi zina uzito wa namna nyingine. Lee-Enfield ya Waingereza au Mosin-Nagant ya Warusi iliyobaki katika familia yaweza kuwa kitu pekee kilichosalia cha miaka ambayo mzee hakutaka kuisimulia, na warithi huihifadhi bila kujua wanahifadhi nini. Hapo nasita kidogo. Si kila kumbukumbu iliyomo ndani ya silaha inastahili kupendwa, na ninazielewa pia familia zinazoipeleka mbali haraka iwezekanavyo baada ya mazishi.

Jambo linaloniudhi ni mapenzi ya maneno matupu: mtu anaapa kwamba hatauza kamwe, huku bunduki imelala ndani ya ala ya ngozi chini ya kitanda. Ngozi hushika unyevu, na chumvi zilizotumika kuitengeneza huanzisha kutu hasa pale chuma kinapoigusa. Fataki, yaani viwashio vya baruti, za risasi nyingi za kijeshi za zamani nazo zilikuwa na potasiamu kloreti, ambayo ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu; mafuta peke yake hayaiondoi chumvi hiyo, ndiyo maana askari wa zamani walimimina maji ya moto mtutuni kabla ya kukausha na kupaka mafuta. Mbaya zaidi ni yule anayetaka kuifyatua silaha ya babu wa babu yake kwa heshima ya marehemu. Mitutu ya Dameski, ile yenye mawimbi mazuri yanayotokana na kusokotanisha vipande vya chuma laini na feleji na kuvifua pamoja, mingi ilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi. Baruti isiyotoa moshi, ambayo Paul Vieille aliibuni Ufaransa mwaka 1884, huleta shinikizo la namna tofauti, na mtutu uliooza kwa ndani bila kuonekana waweza kupasuka karibu kabisa na mkono wa mfyatuaji. Bunduki ya aina hiyo ipelekwe kwa fundi aikague, na fundi akisema isifyatuliwe tena, basi isifyatuliwe.

Na juu ya yote iko sheria, ambayo haifuati damu. Mapenzi hurithiwa, leseni hairithiwi. Kuna nchi ambazo hata umri wa silaha umewekewa mstari: Marekani, kwa sheria ya mwaka 1968, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale na haibanwi na masharti yale yale ya shirikisho. Uingereza ilipopiga marufuku bastola karibu zote mwaka 1997, baada ya mauaji ya shuleni Dunblane ya mwaka uliotangulia, iliacha mlango mwembamba kwa baadhi ya bastola zenye thamani ya kihistoria zilizotengenezwa kabla ya 1919. Australia, baada ya mauaji ya Port Arthur mwaka 1996, ilinunua na kuharibu zaidi ya bunduki 640,000. Naelewa kwa nini nchi hizo zilifanya hivyo, na silioni pendo langu kwa chuma cha zamani kuwa hoja ya kuwajibu waliofiwa. Naona tu kwamba fidia ililipwa kulingana na aina na hali ya silaha, na miongoni mwa zilizosagwa lazima zilikuwamo zenye kitako kilichofupishwa kwa ajili ya mtoto fulani, jambo ambalo hakuna orodha ya bei ingeweza kulitengea nafasi.

Mimi nina bunduki ya mitutu miwili iliyokuwa ya baba, na wiki hii nimeiandikia karatasi ya kukaa pamoja na leseni. Nimeandika namba yake, jina la fundi aliyeikagua mara ya mwisho, na kwamba warithi waanze taratibu za kibali kabla hata mmoja wao hajaitoa kabatini. Nimeandika kwamba chemba zake, pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, ni za milimita 65, kama za bunduki nyingi za zamani za aina hiyo, kwa hiyo risasi za kisasa zilizotengenezwa kwa chemba ya milimita 70 zisiingizwe humo hata kama zinaonekana kuenea vizuri. Nimeeleza ufa mdogo wa kwenye kitako ulitokana na nini na kwa nini baba hakutaka uzibwe. Mwanangu mkubwa aliisoma karatasi hiyo mpaka chini, kisha akauliza kama siku ikifika ataruhusiwa kuiuza. Nilimjibu kwamba ataruhusiwa, mradi amweleze mnunuzi habari ya chemba.